Foleni tano kabla ya kidonge: kumpeleka mzee kliniki ya presha na sukari bila kurudi mikono mitupu

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mama mkwe wangu ana miaka 67, ana presha na sukari. Kila mwezi tunaamka alfajiri kumpeleka hospitali ya serikali, maana kwetu huku Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, boda ni nyingi lakini hospitali ni mbali. Tunafika saa moja asubuhi, daktari tunamwona saa saba mchana, na ni dakika tatu tu. Anatutuma maabara, tukirudi na majibu, mlango umefungwa. Mwezi uliopita dirisha la dawa walituambia zimeisha, tukanunue nje. Na mara mbili mama amepata kizunguzungu, jasho na kutetemeka akiwa palepale kwenye benchi. Wenzangu wanasema tuhamie kliniki ya binafsi. Tunakosea wapi?

JIBU: Dada, nitaanza na hilo ulilolitaja mwisho, la jasho na kutetemeka kwenye benchi, kwa sababu foleni inachosha lakini sukari ikishuka inaua.

Mgonjwa wa sukari anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kula, akiwa amemeza vidonge vyake au amejidunga insulini, kisha akakaa hadi saa saba mchana, sukari yake inaweza kushuka vibaya. Dalili ni hizo ulizoziona: jasho la baridi, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, kizunguzungu, na baadaye maneno kuchanganyika kama mlevi. Chini ya 4 kwenye kipimo cha milimoli (mashine nyingine husoma 70 za miligramu) ni hatari. Mpe papo hapo vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa, vikorogwe kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300. Subiri dakika 15, apimwe tena, na kama bado iko chini urudie. Akipata nafuu ale chakula kamili: chapati, ndizi, uji wenye kitu. Kama amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, upige kelele hadi muuguzi aje. Foleni haihusu mtu wa namna hiyo.

Sasa sababu. Kwenye daftari lake tafuta kama ameandikiwa glibenklamidi. Ni kidonge cha zamani, cha bei nafuu, na vituo vingi bado vinakitumia. Kinalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumbo ni tupu, na nguvu yake huweza kudumu siku nzima, kwa hiyo sukari inaweza kupanda kwa soda halafu ikashuka tena jioni mkiwa nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linasema dawa hii haiwafai watu waliozidi miaka 60. Wa umri huo wapewe gliklazidi. Mama ana 67. Kama ndicho anachotumia, hilo ndilo jambo la kwanza la kumwambia daktari safari ijayo, kabla ya salamu ndefu: «Ameshuka sukari mara mbili akiwa kwenye foleni, na anameza hiki.» Msimwachishe wenyewe kimyakimya, maana sukari itapanda upande wa pili. Lakini ikitokea tena kabla ya tarehe yake, usingoje tarehe. Mpeleke siku hiyohiyo.

Watu wengi hufunga bila kuambiwa, wakidhani kila kipimo cha sukari kinataka tumbo tupu. Kufunga kunahitajika pale tu daktari alipoandika kipimo cha kufunga. Hapo asile wala asinywe chai kwa saa 8 au zaidi, maji anaruhusiwa, na vidonge vya sukari au insulini avibebe mkononi, asivitumie nyumbani. Mkifika, kabla ya kutafuta mahali pa kukaa, nenda chumba cha kupima presha na uzito useme: «Huyu amefunga kwa ajili ya sukari, naomba atobolewe kidole sasa.» Kipimo cha kidole ni cha sekunde chache. Akishatobolewa, namba iandikwe kwenye daftari pamoja na saa, kisha ale na ameze dawa yake. Kama hadi saa tatu asubuhi hakuna aliyempima, mlishe, kisha mwambie daktari kwamba amekula saa fulani. Sukari ya mtu aliyekula nayo inasomeka vizuri. Inayodanganya ni namba ambayo hakuna anayejua kama ni ya kufunga au ya baada ya chai. Kipimo kile cha kutazama wastani wa miezi miwili hadi mitatu, HbA1c, hakitaki kufunga kabisa.

Vidonge vya presha ni hadithi tofauti, na hapa wazee wengi wanakosea kwa nia njema. Wanaviacha asubuhi ya kliniki «ili daktari aone presha yenyewe». Daktari anaona 180, anaamini dawa haitoshi, anaongeza dozi. Nyumbani mzee anameza dozi mpya yote, presha inashuka mno, anaanguka akienda chooni usiku. Vidonge vya presha vimezwe kwa maji saa ileile ya kila siku, siku ya kliniki ikiwemo. Na mkifika kwenye mashine, mama apumzike dakika 5 kwanza, asiwe ameshuka boda sasa hivi. Awe amekojoa, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, mkono wa gomesi (gauni lake) umepandishwa vizuri na usibane. Kibofu kilichojaa peke yake kinatosha kupandisha namba. Ikisoma juu sana, omba kwa upole irudiwe baada ya dakika chache. Muuguzi anayejua kazi yake hatachukia.

Turudi kwenye foleni. Unasema mnangoja daktari, lakini kwa kweli kwenye idara ya wagonjwa wa nje mnapita foleni tano, na kila moja ina mwenyewe: ya kuandikishwa kwenye rejista, ya presha na uzito, ya chumba cha daktari, ya maabara, na ya dirisha la dawa. Mtu hukasirikia ya tatu kwa sababu ndiyo ndefu. Inayoharibu siku ni safari ya kutoka ya nne kurudi ya tatu, ile ya kurudisha majibu, ambayo haina benchi lake wala namba. Mlipofika na karatasi mkakuta mlango umefungwa, mlikuwa mmeangukia hapo.

Angalia inavyokwenda. Daktari au klinikal ofisa (mtabibu wa ngazi ya chini ya daktari) wa wagonjwa wa nje mara nyingi huanza siku wodini, akiwazungukia waliolazwa. Ndiyo maana vyumba vinaonekana vitupu hadi saa tatu au saa nne. Akifika huita waliopangwa, na kila anayemtuma maabara anatarajiwa kurudi na kupenya katikati ya wapya. Maabara nayo ina mwendo wake. Kipimo cha haraka cha malaria ni dakika 15 hadi 20. Cha darubini ni kirefu zaidi, kwa sababu slaidi lazima ikauke, ipakwe rangi, na mtu aitazame kwa macho. Vipimo vya figo kama kreatinini haviendeshwi kimoja kimoja. Damu hukusanywa, ikazungushwa kwenye mashine pamoja, na sampuli iliyochelewa kundi la asubuhi hukaa hadi kundi linalofuata. Ukitumwa maabara saa saba, majibu ya figo huenda yakatoka wakati daktari ameshaondoka, na hakuna aliyekuonea.

Dawa yake ni kuupindua mpangilio. Mgonjwa wa kliniki ya kila mwezi anajua mapema vipimo vyake. Mwisho wa ziara hii, kabla ya kutoka chumbani, mwombe daktari aandike leo karatasi ya vipimo vya safari ijayo, muibandike ndani ya daftari. Siku hiyo ikifika mnaanzia maabara saa mbili asubuhi, na mnapoingia kwa daktari mna majibu mkononi. Vituo vingine vinakubali, vingine vinataka karatasi ya siku hiyohiyo. Kuuliza hakugharimu kitu. Wakikataa, basi mnapotumwa maabara uliza maneno haya matatu kabla ya kuufunga mlango: tukirudi tunarudi chumba gani, kwa nani, na yeye anaondoka saa ngapi? Kama anaondoka saa nane na majibu yanatoka saa tisa, ataandika palepale jina la atakayeyasoma, au atakwambia mje kesho na karatasi bila kupanga foleni upya. Mwombe aandike neno hilo kwenye daftari. Neno la mdomo halipiti mlangoni kesho yake.

Maabara ina mtego mwingine mdogo: majibu hutolewa kwenye vikaratasi vyembamba, vingine vya mashine ambavyo wino wake hufifia baada ya miezi michache. Vibandike kwa gundi kwenye daftari siku hiyohiyo, na upige picha kwa simu. Kreatinini ya mwaka jana ikilinganishwa na ya leo inamwambia daktari kama figo zinachoka. Ya leo peke yake inamwambia kidogo sana.

Kuhusu daftari lenyewe: wengi hununua la kurasa 32, likijaa wanatupa. Nunua la kurasa 96 lenye jalada gumu, ulifunike kwa kaveera (mfuko wa plastiki) kwa sababu ya mvua. Ukurasa wa kwanza uandike kwa herufi kubwa jina, umri, kijiji, simu ya mtu wa kupigiwa, magonjwa aliyonayo na mwaka aliogunduliwa, dawa anazotumia na miligramu zake, na dawa inayomdhuru kama ipo. Likijaa, fungeni la pili kwa uzi pamoja na la kwanza. Kliniki za serikali kwa sehemu kubwa hazina faili lako; daftari ndilo faili, na mgonjwa asiye nalo anaanza upya kama mgeni.

Hizo dakika tatu pia zinapanuka ukizijaza vizuri. Daktari mwenye watu sitini nje hawezi kuichambua hadithi ndefu, atashika neno la kwanza analoweza kulitibu. Mgonjwa akisema «mwili wote unauma», ataondoka na parasetamoli. Andika nyumbani mistari minne: kilichobadilika tangu mwezi uliopita, kimeanza lini, dawa gani imekosekana na kwa siku ngapi, na swali moja. Kwa mfano: «Miguu imevimba tangu wiki mbili. Amlodipini hajakosa. Metformini ilikwisha siku 6. Swali: uvimbe unatokana na dawa au na moyo?» Kwa mistari hiyo daktari ana kazi ya kufanya. Na hilo la miguu si la kubuni: amlodipini na nifedipini za presha huvimbisha vifundo vya miguu, enalaprili na kaptoprili, za presha pia, huleta kikohozi kikavu kisichoisha, metformini ya sukari husumbua tumbo ikimezwa bila chakula. Wagonjwa wengi huacha dawa kimya kwa sababu hizi, wakati kila moja ina mbadala.

Sema ukweli kuhusu dawa za viungo. Mzee wa miaka 67 mwenye magoti yanayouma karibu kila mara anameza diklofenaki au ibuprofeni ya dukani. Zote mbili hupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mgonjwa wa sukari, kisha daktari anaongeza dawa ya presha dhidi ya kitu kilichomo kwenye mkoba wa mgonjwa. Miti shamba ya viungo inayofanya kazi ndani ya siku moja nayo ina shaka. Nyingine huchanganywa na dawa za jamii ya prednisoloni, ambazo hupandisha sukari vibaya. Beba kila anachomeza, pamoja na chupa ya soda yenye dawa ya kienyeji, ukiweke mezani. Hakuna atakayekupiga.

Lugha nayo inapoteza dakika. Huko kwenu chumba kimoja kinaweza kuwa na Msamia, Mteso, Mjaluo na mtu wa Mbale, na Kiswahili ndicho daraja, lakini ni daraja lenye mashimo. «Homa» kwa wengi ni malaria moja kwa moja, kama vile omusujja wa Kiganda unavyobeba maana zote mbili, hivyo mtu mwenye joto la kidonda cha mguu anatumwa kupima malaria. «Moyo unaniuma» huweza kuwa kifua, kiungulia, au huzuni. Onyesha kwa kidole mahali panapouma, sema panauma ukitembea au ukilala, na kwa dakika ngapi. Maumivu ya kifua yanayokuja akipanda kilima na kuisha akisimama ni jambo la haraka kwa mwenye sukari.

Tukiwa bado kwenye haraka: mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kulegea ghafla, maneno kukatika, kifua kubana, pumzi kukatika akilala, presha ya 180 kwa 120 au zaidi yenye kichwa kikali au macho kuona giza, mashine ya sukari kuandika HI (yaani sukari iko juu kupita uwezo wake wa kusoma), kutapika kila anachokunywa, kidonda cha mguu kinachonuka. Kwa lolote kati ya haya msiende foleni ya kadi. Nendeni mlango wa dharura, mseme neno lenyewe kwa askari wa geti na kwa muuguzi wa kwanza mnayemwona. Muuguzi anapoandika vipimo vya kila mtu kwa zamu hatambui kiharusi kwa kumtazama mtu aliyekaa kimya amejifunika leso.

Kisha ngazi. Uganda ilifuta malipo kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia za hospitali, na mfumo umepangwa kama ngazi za nyumba. Chini kuna wahudumu wa afya wa kijiji, halafu kituo cha ngazi ya 2 cha parokia (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), cha ngazi ya 3 cha kaunti ndogo chenye klinikal ofisa, maabara na wodi ya uzazi, cha ngazi ya 4 chenye daktari na chumba cha upasuaji, kisha hospitali ya wilaya, hospitali za rufaa za mikoa kama Arua, Gulu, Mbarara na Fort Portal, na juu kabisa Mulago na za taifa nyingine. Watu huruka ngazi wakiamini kubwa ni bora. Kwa uvimbe wa ajabu au figo zilizochoka, ni kweli. Kwa presha iliyotulia inayohitaji vidonge vilevile kila mwezi, kituo cha ngazi ya 4, na mara nyingi hata cha 3, kinafaa, tena unapata mtu anayekujua kwa sura. Nendeni mara moja mkaulize mambo mawili: kliniki ya presha na sukari ni siku gani, na mna stripi za kupimia sukari? Wakiwa nazo, mwombe daktari wa hospitali kubwa aandike barua ya kumrudisha mama huko chini, hospitali ibaki ya kila miezi sita, kwa figo, macho na miguu. Macho yachunguzwe kila mwaka hata kama anaona vizuri, kwa kuwa sukari huharibu nyuma ya jicho muda mrefu kabla ya mtu kujua.

Hilo la siku ya kliniki lisipite. Vituo vingi vina siku maalumu ya sukari na presha. Ukija siku nyingine unaingia foleni ya jumla pamoja na watoto wenye malaria, na daktari utakayempata hana hata rejista ya mama. Jumatatu huwa nzito kwa kuwa imebeba wagonjwa wa Jumamosi na Jumapili. Miezi inayofuata mvua, kuanzia Mei hadi Julai na tena kuelekea Krismasi, malaria hujaza mabenchi. Mkiweza, panga mapitio makubwa nje ya hapo. Na kama hali imetulia, uliza kama anaweza kuandikiwa dawa za miezi miwili. Wengine watakataa kwa sababu dawa ni chache, lakini wagonjwa wachache sana huuliza.

Dawa kuisha kuna maelezo. Stoo ya Taifa ya Dawa hupeleka mzigo kwa mizunguko, takriban kila miezi miwili. Hospitali na vituo vya ngazi ya 4 huagiza wenyewe; vya ngazi ya 2 na 3 kwa miaka mingi vimepokea kifurushi kilichopangwa tayari, ambacho kinaweza kuwa na vidonge vingi vya kitu kimoja na vichache vya kingine. Dawa za malaria na za kuua vijidudu hupangwa vizuri. Za presha na sukari, ambazo mgonjwa mmoja humeza maisha yake yote, huwa za kwanza kwisha. Kwa hiyo muulize mtu wa dirisha la dawa mzigo hufika lini, na msogeze tarehe ya mama iwe wiki moja au mbili baada ya hapo. Kusogeza tarehe peke yake kumewapa wagonjwa wengi dawa ambazo wenzao walizikosa siku kumi baadaye.

Mkiambiwa hazipo, msikimbilie nje. Uliza dirishani: «Kuna nyingine ya kazi hiyohiyo?» Mara nyingi amlodipini imekwisha lakini nifedipini ya kutoka polepole ipo, au enalaprili imekwisha na losatani ipo. Mtu wa dirisha haruhusiwi kubadilisha mwenyewe. Rudini kwa daktari na jibu hilo, abadilishe kwa kalamu yake. Kama ni lazima kununua, hakikisha karatasi ina jina la dawa yenyewe badala ya la kampuni, miligramu, mara ngapi kwa siku, na idadi. Amlodipini miligramu 5 mara moja kwa siku ni vidonge 30 kwa mwezi. Metformini miligramu 500 asubuhi na jioni ni 60. Nunueni kwenye famasi yenye leseni ya mamlaka ya dawa ukutani, yenye mfamasia. Maduka madogo ya dawa ya mtaani hayana ruhusa ya kuuza dawa za namna hii, ingawa mengi huuza. Vidonge vikiwa na chapa inayosema ni mali ya serikali na haviuzwi, na mtu anakuuzia, vimeibwa.

Pesa ikipungua, watu hununua dawa moja kamili na kuacha nyingine, au hukata kidonge nusu ili kifike mbali. Ni heri kununua zote kwa siku chache, kwa dozi kamili, kisha kutafuta nyingine. Vidonge vya kutoka polepole vikikatwa huachia dawa yote kwa mkupuo, na presha huporomoka. Kama mama anatumia insulini, chupa inayotumika hukaa karibu wiki nne nje ya friji ikiwa mahali pa baridi; chungu cha maji chenye mchanga mbichi kinafaa, ndani ya friza hapafai kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Na isiachwe kamwe kwenye mfuko wa boda juani.

Kliniki ya binafsi sasa. Ina faida mbili za kweli: muda, na daktari yuleyule. Kwa ugonjwa wa maisha yote, kasoro yake ni kwamba mtaanza vizuri, mwezi wa tatu pesa itakosekana, na mama atakaa bila dawa. Ninachowashauri walio kama nyinyi ni mchanganyiko: dawa na kipimo cha kila mwezi serikalini, na mara moja kwa mwaka, mkiweza, hospitali ya misheni kwa mapitio marefu. Hizo hutoza, lakini kwa kawaida chini ya za biashara. Mkiingia kliniki ya mtaani, tazameni ukutani kama leseni ni ya mwaka huu. Muwe macho na vitu viwili. Cha kwanza ni «typhoid» ya kipimo cha Widal: kikisoma chanya hakithibitishi ugonjwa, maana mtu aliyewahi kuugua zamani, au aliyechanjwa, anaweza kusoma chanya miaka mingi. Nusu ya mji wetu ina taifodi ya karatasi. Cha pili ni dripu ya maji kwa kila anayelalamika uchovu. Kwa mgonjwa wa presha mwenye moyo mchovu, lita mbili za maji ya mshipani zinaweza kuingia mapafuni. Na ile ya dekstrosi ni sukari tupu, anayeiweka ajue kwanza sukari ya mama ni ngapi.

Mwisho ni ile chai, yaani hongo. Kwenye upande wa bure, hakuna anayepaswa kudai pesa ya kuonwa, ya kipimo kilichopo, wala ya kuruka foleni. Akidai, uliza kwa sauti ya kawaida: «Nalipia wapi, na risiti naipata dirisha gani?» Mara nyingi inaishia hapo. Wodi ya kulipia inatoza kihalali, lakini malipo ni kwa mhasibu au benki, na karatasi inarudi. Malalamiko yaanzie kwa mkuu wa zamu, kisha kwa inchaji (mkuu) wa kituo, au kwa utawala kama ni hospitali. Vituo vina kamati ya usimamizi yenye wanakijiji ndani yake, na hao husikiliza kuliko unavyodhani, kwa kuwa nao huugua hapohapo. Juu yao yuko ofisa wa afya wa wilaya. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 0800 100 066. Mwenendo mbaya wa mtu mmoja hupelekwa kwa baraza la taaluma yake: la madaktari, la wauguzi na wakunga, au la wataalamu wengine wa afya ambako klinikal ofisa na watu wa maabara husajiliwa. Andika tarehe, saa, chumba, kilichosemwa na kilichodaiwa. «Wanatunyanyasa» haifanyiwi kazi. «Tarehe 4, saa tano, dirisha la maabara, tulidaiwa pesa bila risiti» inafanyiwa.

Safari ijayo mbebeeni mama chakula kwenye chombo, chupa ya maji, sukari kidogo kwenye karatasi, leso ya kujifunika, na mtu mmoja tu wa kumsindikiza anayejua kusoma daftari. Watatu kwenye boda moja mnamwangusha kabla presha haijamwangusha.